Jamhuri Haikula Kuku

Aliyewasha moto ni mama mkwe wangu, Magreti. Naanza na hilo kwa sababu mahakamani sikupata nafasi ya kulisema, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Alikuwa anachoma mabua ya mahindi pembeni mwa shamba letu huku Mamboya, kama alivyofanya kila kiangazi tangu aolewe. Tofauti ni kwamba zamani alikuwa na akili zake. Siku hizi kumbukumbu inamjia na kumtoka. Asubuhi anakuimbia nyimbo za kanisani beti zote bila kukosea, mchana anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Siku hiyo aliwasha, akasahau, akarudi nyumbani kuchambua mboga. Upepo ukafanya mambo yake. Moto ukapanda kwa jirani yetu, Mzee Wenceslaus, ukala jiko lake, ghala lake la mahindi na paa la nyumba upande mmoja. Hakuna mtu aliyeungua. Kwa hilo namshukuru Mungu, kwa mengine bado tunaongea mimi na yeye.

Sasa, kwetu nyumba ikikosa, anayekwenda kuomba radhi ni mwanamume mkubwa wa nyumba hiyo. Anapiga magoti mlangoni kwa aliyekosewa, anasema, "Nimekukosea." Hasemi nani alifanya nini. Ukianza kueleza kwamba si mimi, ni fulani, utaambiwa umekuja kujitetea, hukuja kuomba radhi, na utarudi na kuku wako. Kosa la nyumba ni kosa lako, basi.

Mume wangu, Evarist, alikwenda. Alibeba jogoo wetu mwekundu na unga, akapiga magoti kwenye majivu yaliyokuwa bado na moshi, akasema, "Baba, nimekukosea. Nimekuunguzia. Nisamehe." Mzee Wenceslaus akamwinua. Kuku akachinjwa, akapikwa, tukala wote, nyumba mbili. Kuku wa namna hiyo akishaliwa, jambo halitajwi tena hata kwenye ugomvi.

Mzee akaongeza uungwana wake. Alikuwa na kesi na mume wangu katika Baraza la Kata, ya mpaka wa shamba, iliyotukera tangu masika. Alikwenda kwa katibu wa baraza akasema, "Tumepatana na kijana wangu, futa." Katibu akafuta. Hakuna aliyeuliza maswali. Ndipo sote tukaamini kwamba kesi hufa hivyo: wenye kesi wakishikana mikono, imezikwa.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba Alfred alishapita polisi.

Alfred ni mtoto wa Mzee Wenceslaus, anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja Mikumi. Alipigiwa simu moto ukiwa bado unawaka, akaja mbio, na kabla hajafika hata kwa baba yake akafungua jalada. Aliwaeleza polisi kuhusu ugomvi wa mpaka. Akawaeleza kwamba Evarist aliwahi kusema, mbele za watu, "Tutaona nani atahama hapa." Ni kweli alisema. Mume wangu ni mpole mpaka uguse shamba lake. Lakini mtu aliyesema neno la hasira mwezi wa nne, na moto wa mabua mwezi wa tisa, kwa polisi ni kitu kimoja.

Walimkuta juu ya paa la Mzee Wenceslaus, anaezeka nyasi mpya. Walimwambia ashuke. Mzee akawauliza, "Mnampeleka wapi fundi wangu?"

Kosa likaandikwa kwamba ni kuchoma nyumba kwa makusudi.

Siku ya kwanza mahakamani Kilosa mjini tulikwenda wengi, na Mzee Wenceslaus tulikwenda naye gari moja, amekaa kati yangu na mama mkwe. Karani akaita, "Jamhuri dhidi ya Evarist." Mzee akanigeukia. "Jamhuri ni nani?" Nikamwambia sijui, labda ni jina la hakimu. Naona haya kusema, lakini ndivyo nilivyomjibu.

Evarist alisomewa mashtaka, akasema si kweli. Hapo alikuwa sawa, maana hakuchoma kwa makusudi na hakuchoma kabisa. Ikaja habari ya dhamana. Walitaka wadhamini wawili wenye mali isiyohamishika na nyaraka zake. Mashamba tunayo tangu kwa mababu, nyaraka hatuna. Mzee Wenceslaus akasimama pale nyuma, kofia mkononi. "Mheshimiwa, mimi nitamdhamini." Hakimu akamuuliza yeye ni nani kwa mshtakiwa. Akajibu, "Mimi ndiye niliyeunguliwa." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alimweleza kwa upole kwamba yeye ni shahidi wa upande wa mashtaka na hawezi kumdhamini anayemshtaki. "Mimi simshtaki," mzee akasema. Akaambiwa akae.

Evarist akaenda mahabusu, nami nikahamia kwa shangazi yangu Mabwerebwere, niuze vitumbua na niwe karibu. Mwanangu Paulina nilimwacha Mamboya na wifi yangu. Mama mkwe nilimchukua, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kumnyamazisha akianza kutafuta mlango.

Hapo Mabwerebwere kuna dada mmoja anaitwa Lightness, msaidizi wa kisheria; si wakili, mahakamani hawezi kumsemea mtu. Ana chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, mnaongea huku mtu anapasha injini. Nilikwenda kwake nikiwa na hasira na nchi nzima. Nikamweleza kila kitu, na mama mkwe, na mabua, na kuku.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama Paulina," akasema, "ile ya mpaka ilikuwa kesi ya madai. Hiyo ni yenu. Mkigombana mnaipeleka, mkipatana mnairudisha nyumbani. Hii ni jinai. Hii si ya Mzee Wenceslaus. Ni ya Jamhuri, yaani serikali kwa niaba ya watu wote. Mzee ni shahidi tu, hawezi kuifuta."

"Jamhuri iliunguliwa nini?"

"Haikuunguliwa kitu."

"Na kuku haikula."

"Haikula," akasema, naye akatabasamu kidogo, halafu akaacha. Akaniambia jambo ambalo tangu siku hiyo sijalala nikalisahau. Alisema kosa hili linataka kusudi. Jamhuri lazima ithibitishe kwamba mtu aliwasha akitaka nyumba iungue. Mtu aliyechoma mabua shambani kwake na upepo ukamshinda hakuchoma nyumba kwa makusudi. "Atadaiwa hasara, au faini kwa uzembe. Kifungo cha kuchoma nyumba si chake. Na bibi asiye na kumbukumbu ndiyo kabisa. Ukweli wenu wote ukisemwa, sioni wa kufungwa hapo. Si mama, si mwana."

Nilitoka pale nikiwa nimelia mpaka kanga imelowa, kwa furaha. Furaha ya bure kabisa, lakini niliipata.

Tulianza kwa wakili wa serikali. Nilikwenda na Mzee Wenceslaus, na Alfred akaja kutoka Mikumi akiwa amekonda. Alinisalimia bila kunitazama. "Shemeji, nilitaka wamtishe tu," akasema. Nikamwambia, "Wamenitisha mimi." Mengine niliyomwambia siyaandiki.

Wakili alikuwa kijana, mstaarabu, akampa mzee kiti. Alimsikiliza yote. Kisha akasema, "Mzee wangu, nakuamini wewe. Lakini nikifuta kila kesi ambayo aliyeunguliwa amekuja kusema nimesamehe, kesho atakuja mwingine aliyelazimishwa kusema hivyo. Hili ni kosa zito. Njoo useme kweli mbele ya hakimu, naye atapima." Mzee akaridhika. Njiani akawa ananituliza. "Mwanangu, usiogope. Nitasema kweli yote. Nitawaambia alikuja akapiga magoti. Hakimu ni mtu, atasikia."

Lightness aliposikia hivyo alishika kichwa. Kwa mahakama, alisema, mtu aliyepiga magoti na kusema nimekuunguzia ni mtu aliyekiri. Mzee angekwenda kumtoa Evarist, na maneno yake yangemzamisha. Wala hatukuweza kumwambia aseme vingine, maana angekuwa ameapa, na mzee yule hakufundishwa uongo. Lakini kulikuwa na dawa. Shahidi akimaliza, mshtakiwa hupewa nafasi ya kumhoji. Lightness alinipa maswali, akanifundisha, nikayashika kama sala. Je, uliniona nikiwasha? Je, nilikuambia niliwasha kwa makusudi? Je, kwa desturi yetu, anayeomba radhi ni lazima awe ndiye aliyetenda? "Hayo tu," akasema. "Mzee atajibu kweli, na hiyo kweli itamtoa. Asipouliza, mahakama itachukua kwamba amekubali yote aliyosema shahidi. Halafu kwenye utetezi amwite mama yake, au akuite wewe."

Nikayapeleka mahabusu. Evarist alinisikiliza akiwa amesimama upande wa pili wa wavu, ndevu zimemwota ovyo, mashavu yameingia ndani. Nilimweleza kuhusu kusudi. Nilimweleza kwamba sheria haitaki kumfunga mama yake.

"Nani kakuambia?"

"Lightness."

"Lightness ni hakimu?"

"Baba Paulina, ndivyo sheria ilivyo."

"Hata mimi niliambiwa kuku akishaliwa yamekwisha," akasema. "Mbona niko hapa?"

Aliegemea wavu akaongea kwa sauti ya chini, ile anayotumia ameshaamua. "Nimpandishe mama yangu kizimbani, aulizwe na wakili mbele za watu, na siku hiyo hajui hata jina lake? Wakisema ni mwongo? Wakimweka ndani wamchunguze? Atakufa humu siku ya kwanza. Mimi ni kijana, nitatoka."

"Basi mwulize mzee yale maswali. Hayamgusi mama."

"Nitaona."

"Usione. Uliza."

"Nimekusikia, Anitha." Hakuniita mama Paulina. Nikajua hajakubali.

Siku ya ushahidi Mzee Wenceslaus alivaa koti lake la Pasaka. Aliapa kwa Biblia, sauti imesimama. Siku hizi mahakamani wanasema Kiswahili, na maneno yote niliyafahamu, moja moja. Ila yalivyokuwa yanapangwa yalinipita mbele kama mizigo ya watu wengine.

Wakili akamuuliza, "Baada ya moto, mshtakiwa alifanya nini?"

"Alikuja kwangu. Muungwana huyu. Alipiga magoti."

"Akasema nini?"

"Akasema, baba nimekukosea, nimekuunguzia, nisamehe."

"Alitaja mtu mwingine yeyote kwamba ndiye aliyewasha?"

Mzee akashangaa. "Hapana. Amtaje wa nini?"

"Mliwahi kugombana naye?"

"Mambo ya mpaka. Ni kweli, kulikuwa na maneno. Lakini yalikwisha, nilimsamehe yote, na leo namsamehe tena hapa." Alimgeukia hakimu kwa furaha ya mtu aliyefikisha mzigo salama. Hakimu alikuwa anaandika. Lightness, aliyekaa pembeni yangu, alikuwa amefumba macho.

"Mshtakiwa," hakimu akasema, "muulize shahidi maswali."

Evarist akasimama. Mzee akamtazama kutoka kizimbani kwa mashahidi, uso wote umefunguka, kama baba siku ya harusi. Nikajibana vidole. Uliniona nikiwasha? Ni maneno mawili tu. Mdomo wangu mwenyewe ulikuwa unayasema.

"Shikamoo, baba," Evarist akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mshtakiwa, hapa ni maswali," hakimu akasema. "Una swali lolote kwa shahidi?"

Evarist akainamisha kichwa. Najua alichokuwa anakiona. Mzee amesema mbele ya Biblia kwamba amekusamehe, mara ya pili, hadharani. Wewe usimame umhoji? Umuulize uliniona, ulinisikia, kana kwamba anasema uongo? Kwetu hata mtoto asiye na adabu hafanyi hivyo. Radhi inarudi ilikotoka.

"Sina swali, Mheshimiwa. Nilitaka kumsalimia tu."

Nilisikia kalamu ya hakimu. Lightness akaninong'oneza, "Imekwenda."

Alfred naye alitoa ushahidi, akaulizwa kuhusu lile neno la mwezi wa nne, akalisema huku analia. Evarist hakumhoji. Polisi akasema yake, hakumhoji. Mahakama ikasema ana kesi ya kujibu. Akaulizwa atajiteteaje, akasema atasema mwenyewe. Alisema hakuchoma kwa makusudi, na kwamba moto ulitoka shambani kwake. Wakili akamuuliza nani aliuwasha.

Akasema, "Shamba ni langu."

"Una mashahidi?" hakimu akauliza.

"Sina."

Miguu yangu ikasimama kabla yangu. "Mimi ni shahidi, Mheshimiwa! Mimi najua!" Askari akaja upande wangu. Hakimu akainua mkono kumzuia, kwa haki yake nitasema hivyo, hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia mume wangu. "Mshtakiwa, nikueleze vizuri. Hii ni haki yako. Mashahidi wa utetezi unawaita wewe, mimi siwezi kukuitia. Huyu ni nani kwako?"

"Mke wangu."

"Unataka atoe ushahidi?"

Evarist alinitazama. Halafu akamtazama mama yake aliyekaa kando yangu, amevaa sare yake ya Umoja wa Akina Mama, anahesabu vifungo vya blauzi. Nilimwambia kwa macho kila kitu mwanamke anachoweza kumwambia mwanamume. Nilimtaja Paulina. Nilimtukana.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema.

Nikaambiwa nikae, nikakaa. Nilimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijaweza kuvitenganisha.

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Hakimu alisoma kwamba kulikuwa na ugomvi, kwamba kulikuwa na kitisho, kwamba mshtakiwa mwenyewe alikiri kwa mlalamikaji bila kulazimishwa na mtu, na ushahidi huo hakuupinga kwa swali hata moja. Kila alichosoma kilikuwa kimetokea. Ndicho kilichoniua. Hakuna aliyedanganya pale ndani, tangu mwanzo hadi mwisho.

Miaka mitano jela.

Mzee Wenceslaus alisimama akidhani hajasikia. "Mitano ya nini? Mimi nimesamehe! Mheshimiwa, nimesamehe mimi!" Alfred akamshika bega, akamketisha, mzee akawa anasema vilevile huku ameketi, sauti inazidi kushuka. Hakimu akamweleza Evarist haki yake ya kukata rufaa. Lightness alikuwa ameshainuka, anaenda kwa karani kuuliza nakala ya hukumu, na akaniambia nimfuate upesi, muda wa rufaa umeshaanza kuhesabiwa. Sikuweza. Walikuwa wanampitisha.

Alipita karibu kabisa na benchi letu, pingu mkononi, kichwa kimenyolewa, amekonda mpaka shati linamning'inia. Alisimama kidogo, askari akamwachia. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," mama mkwe akaitika, kwa adabu anayompa kila mgeni. Evarist akangoja. Hakuongezewa neno. Askari akamgusa mkono, wakatoka.

Mama mkwe akanivuta kanga. "Yule kijana," akauliza, "kafanya nini?"

Watu wote wa kwetu walikuwa wanatuangalia. Nilikuwa na ukweli wote mdomoni, ule ambao mahakama haikuutaka, na mwenye nao alikuwa ameketi mbele yangu.

"Kachoma nyumba ya mtu, mama," nikasema.

Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akatafuta fimbo yake chini ya benchi. "Moto si wa kuchezea," akasema. "Wamfunge. Mama yake hakumfundisha."